Bastola na Baa: Mambo ya Kujua Ukiwa Marekani na Kabla ya Kupanda Ndege ya Entebbe

Ndugu yangu Mganda uliyeko Dallas, Atlanta au Minneapolis, kama umenunua bastola na unaibeba ikiwa imefichwa chini ya shati, ruhusa uliyonayo ina mipaka. Mpaka ambao ni rahisi sana kuuvuka bila kujua ni mlango wa baa.

Marekani haina sheria moja ya nchi nzima kuhusu bastola kwenye baa. Kila jimbo limejitungia yake. Chukua Texas. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu aliyetimiza miaka 21 na ambaye sheria haimzuii kumiliki silaha anaweza kubeba bastola huko bila kibali. Watu husikia hayo wakaridhika, kumbe habari haijaisha. Baa ambayo asilimia 51 au zaidi ya mapato yake yanatokana na pombe inayonywewa hapo hapo ni marufuku kuingia na bastola, uwe na kibali au usiwe nacho. Mlangoni hubandikwa bango lenye 51% kwa tarakimu kubwa nyekundu. Ukilipita ukiwa na silaha kiunoni, unakabiliwa na kifungo cha miaka 2 hadi 10 na faini ya hadi dola 10,000. Mgahawa wa jirani unaouza nyama na bia kidogo huenda usiwe na bango hilo, kwa hiyo katika mtaa mmoja unaweza kukuta milango miwili yenye sheria mbili. Soma mlango kwanza, salamu za marafiki zitakusubiri ndani.

New York wamekaza zaidi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa hukumu yake kuhusu vibali vya jimbo hilo Juni 2022, bunge la jimbo lilitunga sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, na sehemu yenye leseni ya kuuza pombe ya kunywea hapo hapo ikawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyokatazwa. Virginia, tangu 2010, mwenye kibali anaruhusiwa kuingia na bastola iliyofichwa, lakini asinywe. Bia moja tu tayari ni kosa. Minnesota wanapima kilevi kwenye damu, na mwenye bastola anavunja sheria akifikia 0.04, yaani nusu ya kiwango kinachomkataza dereva.

Ndiyo maana nina wasiwasi zaidi na safari za kutoka jimbo moja hadi jingine. Mwishoni mwa wiki ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani mwanzoni mwa Septemba, Waganda wengi hukusanyika kwenye mkutano wa UNAA, chama cha Waganda wa Amerika Kaskazini, na mchana wa vikao hufuatwa na usiku wa muziki. Kibali cha Georgia hakitambuliwi New York, wala California, wala Massachusetts ambako Waganda wa Waltham ni wengi. Ukienda mkutanoni, iache nyumbani. Kuiacha kwenye gari nje ya kilabu si suluhisho, magari huvunjwa.

Kuna jambo zito kuliko yote hayo, na naomba ulisome mara mbili kama bado hujawa raia. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inawakataza walio na viza za muda, wakiwemo wengi wa viza za masomo, kazi na utalii, kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi kabisa hana ruhusa. Adhabu yaweza kufika miaka 15. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kumiliki, lakini akipatikana na hatia ya kosa la silaha, anaweza kufukuzwa nchini hata kama ameishi huko miaka mingi na watoto wake ni raia. Raia wa Marekani hatafukuzwa kwa kosa hilo hilo. Kwa hiyo rafiki yako Mmarekani akikuambia ni jambo dogo, huenda kwake ni dogo kweli. Ukikamatwa, usikubali kosa lolote mahakamani kabla hujazungumza na wakili anayejua pia sheria za uhamiaji.

Sasa tuje nyumbani. Kibali cha jimbo lolote la Marekani hakina kazi Uganda. Sheria yetu ya Silaha ya 1970 inataka cheti kinachotolewa na polisi, na kuingiza silaha nchini kunahitaji kibali chake. Kwa miaka mingi raia walioshtakiwa kwa kukutwa na silaha walipelekwa mahakama ya kijeshi. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ilisema hilo ni kinyume cha katiba, kisha Mei mwaka huo huo Bunge likapitisha marekebisho yanayoruhusu tena baadhi ya kesi hizo kupelekwa huko.

Na usidhani kilabu cha Kabalagala, Kampala, utaingia hivi hivi. Tangu mabomu ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 pale uwanja wa raga wa Kyadondo na kwenye mgahawa wa Kabalagala, tumezoea kukaguliwa milangoni. Askari anakupitishia kifaa cha kugundua chuma, anafungua mkoba, anatazama. Mpe nafasi afanye kazi yake, ssebo, yaani bwana.

Kabla ya kusafiri, begi ulilolipeleka kwenye uwanja wa shabaha usilitumie kabisa. Geuza mifuko ya begi jingine pia, maana risasi moja iliyosahaulika yaweza kukuletea kesi Entebbe au mahali unapobadilisha ndege. Bastola ibaki Marekani ndani ya sefu iliyofungwa. Na kama unaishi na binamu mwenye viza ya masomo, usimwachie ufunguo wala namba za sefu hiyo.