Kuvalisha springi za Land Rover ya zamani kava la ngozi

Huku Tanga springi za majani, zile za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, zinaliwa na chumvi ya bahari, na ukipanda Usambara zinaliwa na vumbi jekundu. Mafundi wengi dawa yao ni kupulizia oili chafu chini ya gari. Mimi siikubali kabisa. Oili ile inanasa vumbi, vumbi linapenya kati ya majani, na kila gurudumu likiingia shimoni majani yanasagana. Rolls-Royce na Bentley za miaka ya 1930 zilifungwa makava ya ngozi yaliyoshika mafuta ndani na kuzuia uchafu nje. Land Rover yangu ya Series IIA nimeivalisha vivyo hivyo.

Kabla hujagusa ngozi, safisha. Piga jeki, kisha weka stendi chini ya chasisi, siyo chini ya ekseli, ili ekseli ining'inie. Springi ikipungukiwa mzigo, ncha za majani huachana kidogo na brashi ya waya inapata pa kupita. Ukiamua kuitoa na kuifungua yote, bana majani kwa klampu kabla ya kulegeza senta bolti, ile inayoyashika pamoja katikati, maana yakifyatuka yanavunja mkono.

Sasa tafuta nyufa, na hapa usiwe na haraka. Paka kila jani mafuta ya taa, hasa kuzunguka tundu la senta bolti. Acha yapenye, futa mpaka pakauke, kisha sugua chaki. Subiri. Jani lenye ufa litachora lenyewe uzi mwembamba uliolowa juu ya weupe wa chaki: ni mafuta ya taa yanarudi kutoka ndani ya ufa. Jani la hivyo halichomelewi, kwa sababu moto unaharibu ukakamavu wa chuma. Badilisha. Kuvalisha kava springi yenye ufa ni kuficha hatari.

Grisi nzuri ni ile yenye grafaiti. Ipitishe kati ya majani kwa kisu chembamba. Lakini kama springi zako zina vipande vya mpira kati ya majani, usizipake, maana grisi ya kawaida huvimbisha mpira.

Kila springi inahitaji makava mawili, moja kila upande wa yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Pima mzunguko wa springi karibu na yubolti, kisha mzunguko kule mwishoni ambako majani ni machache, maana kava linapungua upana likienda. Urefu uishie vidole viwili kabla ya jicho la springi, yaani tundu la mwishoni linaloifunga kwenye chasisi, grisi isije ikaozesha bushi ya mpira. Lichore kwenye karatasi ngumu kwanza, ndipo umpelekee fundi viatu. Mwambie ashone kwa uzi uliopakwa nta, atoboe matundu ya kamba pande zote mbili, na ndani aweke felti au blanketi zito la sufu. Huo utandiko ndio unaohifadhi mafuta, kwa hiyo uloweshe vizuri kabla ya kufunga. Mahali palipo na klipu za kushikilia majani, ongeza kipande cha ngozi kwa ndani, la sivyo klipu zitatoboa.

Funga kamba ukianzia kwenye yubolti, mshono ukae upande wa ndani wa gari, mbali na mawe ya matairi. Usikaze sana mara ya kwanza. Shusha gari, litikise juu chini mara kadhaa, springi ijinyooshe, ndipo ukaze moja kwa moja.

Kila masika yakiisha, legeza kamba upande mmoja uchungulie. Grisi ya rangi ya kutu maana yake maji yameingia. Ikiwa na chengachenga ukiisugua kwa vidole, ni vumbi. Vyovyote vile, toa yote, safisha, jaza upya. Kuongeza mpya juu ya mbovu ni kupoteza grisi. Ngozi yenyewe ipake kwa nje shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa na nta ya nyuki, isikakamae ikapasuka.

Springi ikishalainika, shokapu zilizochoka zitajulikana mara moja. Ule msuguano wa majani makavu ulikuwa unazisaidia kutuliza gari, na sasa haupo. Zikague kabla hujaelekea kwenye kona za Lushoto.