SOMO: Kutengeneza igizo la familia pamoja na watoto wa shule ya msingi

Habari za humu. Kila nikishika simu nakuta swali lilelile: "Dada, tunawashirikishaje watoto wa shule kwenye igizo letu?" Naandika yote hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Kwanza tuelewane. Nazungumzia igizo la wasanii wanaolipwa. Watu wazima ndio wanaopanda jukwaani, na familia zinakata tiketi. Watoto wa shule ni watunzi na wakaguzi wake, tangu hadithi haijapatikana mpaka wiki ya mwisho ya mazoezi. Kama unatafuta watoto wa kucheza ngoma wakati mgeni rasmi anaingia, ongea na mwalimu wa michezo, hilo halihitaji somo.

Mimi niko Iringa. Mifano yangu ni ya mjini na ya Kilolo, upande wa Ilula. Walioko Mbeya na Njombe watarekebisha panapohitajika.

1. Karatasi. Kikundi kiwe na usajili wa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Barua iandikwe kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa afisa elimu msingi, na nakala ibaki kwa afisa utamaduni. Usianze na mwalimu mkuu kwa sababu mnafahamiana, utamponza.

2. Darasa. Chukua la tatu au la tano. La nne wana upimaji wa kitaifa mwishoni mwa mwaka, la saba wana mtihani Septemba, na hakuna mwalimu atakayekupa saa moja yao kwa moyo mweupe.

3. Kalenda. Kaeni na watoto Februari na Machi, onyesho liwe Julai au Agosti. Mei na Juni shule ziko kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, utawakosa wale wachangamfu wote. Na msipange onyesho masika kwenye ukumbi wa bati, mvua ikianza hata mwigizaji mwenye koo la chuma hasikiki.

4. Idhini ya wazazi. Kwa maandishi. Idhini ya kushiriki iwe peke yake na ya kupigwa picha iwe peke yake.

5. Siku ya kwanza. Nendeni watu wawili au watatu, bila muswada. Msiwaambie "tungeni hadithi". Mtaletewa Sungura na Fisi kama walivyo kitabuni, na mwishoni "hadithi hii inatufundisha". Wapeni kitu wanachokijua kuliko nyinyi. Ilula tuliweka tenga tupu la nyanya katikati ya darasa tukauliza nani amelala humo jana usiku. Hatukuuliza kingine. Wakatuletea nyanya mbichi asiyetaka kupakiwa kwenda Dar kabla hajaiva, dalali mwenye sauti mbili, moja ya shambani na moja ya kwenye simu, na zimwi linalonunua nyanya za kijiji kizima. Watoto wale wanajua bei, wanajua mvua ikichelewa nyumbani kunakuwaje. Ukiuliza vizuri wanakupa igizo ambalo baba na bibi watalielewa pia, na hilo ndilo igizo la familia.

6. Kuandika. Mmoja wenu kazi yake ni kuandika tu. Maneno yaandikwe kama mtoto alivyoyasema, na Kihehe kikiingia kiingie. Usisahihishe Kiswahili cha mtoto anayekupa hadithi.

7. Kuwarudishia rasimu. Hapa someni taratibu, maana ndipo tulipoliharibu igizo letu la kwanza. Tulicheza rasimu darasani, tukauliza: "Mmependa?" Darasa zima: "Ndiyooo!" "Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Tukaondoka. Siku ya ukumbini, nusu ya pili, watoto wakaanza kuomba kwenda kujisaidia mmoja baada ya mwingine, na wazazi wakashika simu zao. Rasimu ilikuwa na tatizo lilelile, ila sisi tuliuliza swali lenye jibu moja. Mtoto darasani amezoea kuitikia pamoja na wenzake, tena mgeni akiuliza kama umependa, adabu ni kusema ndiyo. Kwa hiyo usiulize. Mtu mmoja asiigize. Akae pembeni na muswada na penseli, aweke alama kila mahali wanapogeuka nyuma, wanapovuta nyuzi za sweta, na wanaponyamaza kabisa. Kicheko peke yake kisikudanganye, wanaweza kucheka kwa sababu mtu kaanguka, kumbe hadithi imeshawapotea. Kesho yake rudini, msilete igizo. Waambieni wawasimulie darasa la pili ambao hawakuliona. Wanachokiruka ndicho cha kukata au kutengeneza upya. Wanachokiongeza, kichukueni.

Tahadhari za hatua hii:

Mwalimu akae nyuma ya watoto. Akikaa mbele, kila mtoto anamtazama kwanza kabla ya kucheka.

Kama hamko tayari kubadilisha kitu, msifanye majaribio kabisa. Watoto watakuja ukumbini kutafuta maneno yao.

Mkikataa wazo, rudini mkawaambie kwa nini. Watoto wanaelewa kukataliwa, kupuuzwa hawasahau.

Na msibishane nao kwenye mambo ya hadithi. Zimwi letu lilikuwa linabisha hodi kwenye kibanda cha nyanya. Mtoto wa darasa la tatu akasema, "Zimwi halibishi hodi. Likibisha hodi ni mgeni." Mwongozaji alikuwa ameshatengenezesha mlango. Tukautoa. Sasa taa zinawaka na zimwi limeshakaa kati ya matenga, na ukumbi mzima unashtuka, wakubwa kwa wadogo.

8. Sauti, maleba (mavazi ya igizo), vifaa. Wape kazi hii mapema. Kwenye tukio la lori la Fuso kushuka mlima Kitonga, mpigaji wetu alikuwa anapiga ngoma kwa nguvu. Watoto wakakataa: gari lenye mzigo likishuka halingurumi, linapiga chafya. Wakaonesha kwa midomo, tss, tss, halafu mmoja akaenda kuleta pampu ya baiskeli. Ile pampu iko kwenye igizo mpaka leo.

9. Onyesho. Jumamosi saa nane mchana, dakika 45 hadi 50, bila mapumziko. Jioni Iringa ya Julai ni baridi na wenye watoto wadogo hawaji. Kwenye bango na karatasi ya onyesho andikeni shule na darasa kama watunzi wenza. Majina kamili ya watoto hapana.

MASWALI

kijana_wa_uyole: Dada naomba namba ya afisa elimu wa huku Mbeya nimpigie nimalize haraka.

Mwandishi: Soma hatua ya 1. Ni barua, si simu. Na namba za watu siweki humu.

kijana_wa_uyole: Sawa. Mwalimu ni shemeji yangu lakini, hakuna shida.

Mwandishi: Ndiyo maana nimeandika utamponza.

burudani_mafinga: Tuna mwaliko hotelini saa tatu usiku. Tukiwapandisha watoto kumi jukwaani watu watajaa. Unatushauri tuwavalishe nini?

Mwandishi: Nakushauri uwaache walale. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtumikisha mtoto usiku, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 14. Somo hili halihusu kupandisha watoto jukwaani, nimelisema mwanzoni kabisa.

mlipa_kodi: Kwa hiyo watoto wanawapa hadithi bure halafu nyinyi mnauza tiketi. Huo ni wizi wenye tabasamu.

Mwandishi: Swali ni la haki, neno wizi si la haki. Kabla ya siku ya kwanza tunaandikiana na kamati ya shule: sehemu ya kiingilio inaenda shuleni na matumizi yake anasomewa mzazi kwenye mkutano, kila mtoto anaingia bure na mkubwa mmoja, na shule ikitaka kulicheza igizo hilo haiombi ruhusa kwetu. Hatuwatoi kwenye vipindi vya masomo. Hatumpi mtoto mmoja mmoja pesa mkononi, maana wiki inayofuata aliyesema sana ndiye atakayedai zaidi na aliyekaa kimya ataacha kuja. Kama una utaratibu bora, uweke hapa, nitaufuata.

mlipa_kodi: Mkataba na kamati sikuuona kwenye hatua zako.

Mwandishi: Kweli haukuwepo. Uingize kwenye hatua ya 1, wote mliosoma.

mwl_makete: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu, darasa langu la tatu lina watoto zaidi ya 80. Natamani sana, ila nikiwaza "siku ya kwanza" naona vurugu tupu. Na wapo ambao tangu Januari sijasikia sauti zao.

Mwandishi: Marahaba mwalimu, na asante kwa swali hili. Usifanye na 80 kwa pamoja. Gawa makundi ya watoto 10 hadi 12 kwa kupiga kura, usichague wanaojua kujieleza, hao hadithi zao zimeshasahihishwa na kila mtu. Kila kundi lipewe kazi moja: hadithi, sauti, maleba, michoro, ukaguzi wa rasimu. Kundi moja likiwa na wasanii, mengine yanaendelea na wewe. Kwa wale wasiosema, wape sauti na vitu vya mkononi. Mtoto asiyetaka kuongea mbele ya wenzake atakuonesha kwa debe jinsi mvua inavyoanza kwenye bati: tone, tone, kimya, halafu yote. Wengi huanza kuongea wakishika kitu, kwa sababu macho ya watu yanakuwa kwenye kile kitu. Na kwa baridi ya Makete msianze asubuhi. Ngojeni jua, kaeni nje ukutani.

mwl_makete: Nimeelewa. Je, hapa kwetu nchini kuna waliofanya hivi kabla, nipate pa kusimamia mbele ya mwalimu mkuu?

Mwandishi: Wapo. Amandina Lihamba na Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya sanaa za maonyesho na watoto kwa miaka mingi. Mradi wao wa TUSEME ulianza 1996 kwenye shule za sekondari: wanafunzi, hasa wasichana, wanataja kinachowasumbua shuleni, wanakichambua, wanatunga igizo, wanalionesha, kisha watazamaji wanajadili nini kifanyike. Lengo lao halikuwa igizo la kuuza tiketi kama letu, ila wazo la kumwamini mtoto kama mtunzi ni hilohilo. Mwambie mwalimu mkuu si mambo ya jana.

wa_tukuyu: Somo zuri. Huku watoto wakichangamka wanahamia Kinyakyusa, na waigizaji wangu wawili wametoka Dar. Inakuwaje?

Mwandishi: Mwandishi wenu wa hatua ya 6 awe mtu wa hapo. Waigizaji wa Dar wafundishwe na watoto, wataheshimika haraka sana. Sisi mwigizaji mmoja aliingia darasani na "Kamwene", salamu ya Kihehe, aliyoikosea sauti, wakamfundisha mpaka ikakaa, na tangu siku hiyo walikuwa wanamsahihisha hata kwenye igizo bila woga.

wa_tukuyu: Ndaga. Jingine: vinyago vyetu vya magazeti na uji vinaota ukungu, huku mvua haikauki.

fundi_maleba: Nimjibu mimi. Uji wa ngano upike mzito, tia chumvi. Bandika tabaka mbili, kausha juu ya jiko, ndipo uongeze. Ukibandika zote siku moja, ndani panabaki majimaji na ukungu unaanzia humo. Rangi ipake na kwa ndani pia. Halafu ning'iniza kwenye kamba, usiweke kwenye boksi, panya wanaupenda uji kuliko sisi.

kijana_wa_uyole: Dada, barua nimeandika. Nakala ya afisa utamaduni napeleka mwenyewe au inapitia masjala?

Mwandishi: Masjala, igongwe mhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala yako. Ukijibiwa, niandikie hapa nikutumie fomu yetu ya idhini ya wazazi uibadilishe.