SOMO: Kuandaa dodoso la vikwazo vya wanafunzi wa chuo (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila muhula napokea ujumbe uleule: "Naomba dodoso la changamoto za wanafunzi, nakusanya data wiki ijayo." Naandika hapa mara moja. Dodoso la kunakili sitoi, kwa sababu vikwazo vya chuo kimoja si lazima viwe vya kingine.

1. Amua "mafanikio" ni nini: kufaulu mitihani, kumaliza kwa wakati, au kutoacha masomo. Chagua moja linalopimika.

2. Omba kibali cha chuo mapema, andaa na fomu ya ridhaa.

3. Zungumza na wanafunzi wachache kabla ya kuandika swali lolote. Orodha ya vikwazo itoke kwao.

4. Tafuta ukubwa wa sampuli. Wengi hutumia kanuni ya Yamane: n = N ÷ (1 + Ne²), ambapo n ni sampuli (watakaojaza), N ni wanafunzi wote, na e ni kosa unaloruhusu. Wanafunzi 1,200 kwa kosa la 5% ni 1,200 ÷ 4 = 300. Ukitarajia 6 kati ya 10 warudishe, sambaza madodoso 500.

5. Amua nani atajaza. Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika, tulia usome.

Kanuni ya hatua ya 4 haikuambii hao 300 utawatoa wapi. Watu wanaingia kwenye kipindi cha asubuhi, wanagawa, wanakusanya, wanaondoka. Nani hayupo asubuhi hiyo? Anayefanya kazi, mwenye mtoto mchanga, aliyezuiwa kwa kudaiwa ada, anayeumwa, aliyekwisha kuacha chuo. Kikwazo kilichomzuia kuingia darasani ndicho kinachomzuia kujibu dodoso lako. Ripoti itasema ada si tatizo kubwa, na uongozi utaamini kwa kuwa kuna asilimia na majedwali.

Wingi wa majibu hauponyi kasoro hii. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na waliojibu hawakufanana na walionyamaza.

Kwa hiyo chagua majina kwa nasibu (kama kura, kila mmoja awe na nafasi sawa) kutoka orodha ya waliosajiliwa mwanzo wa masomo, si ya waliohudhuria. Asiyepatikana darasani afuatwe kwa simu. Walioacha waandalie dodoso fupi la kwao. Usimwachie kiongozi wa darasa agawe, maana atawapa walio karibu naye. Na uandike wazi wangapi hawakujibu.

6. Tunga maswali. "Je, ada na usafiri vinakuzuia kusoma vizuri?" ni maswali mawili ndani ya moja, na tayari umempa jibu. Uliza tukio: "Katika wiki 4 zilizopita umekosa vipindi vingapi? Mara ya mwisho ulipokosa, sababu kuu ilikuwa nini?"

7. Lijaribu kwa watu walio nje ya sampuli. Kaa pembeni uangalie kalamu: ikisimama juu ya swali, au mtu akirudi kufuta, swali hilo lina tatizo hata kama hakulalamika.

8. Kusanya, ingiza, chambua.

MASWALI

Mwanafunzi_Mwaka3: Mkuu, naomba lililo tayari, hata la PDF.

Mwandishi: Soma aya ya kwanza.

Kibarua wa Takwimu: Shukrani sana. Msimamizi wangu anataka maswali yote yawe ya Likert, "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", na alfa ya Cronbach isipungue 0.7. Yangu imetoka 0.52. Nifute maswali?

Mwandishi: Swali zuri sana hili, usifute chochote kwanza. Likert alipokitoa kipimo chake mwaka 1932 alikuwa anapima mitazamo. Alfa inaangalia kama maswali yanayopima kitu kimoja yanakwenda pamoja. Sasa ada, umbali na malezi ya mtoto si kitu kimoja: mtu anaweza kukosa ada na akaishi jirani na chuo. Vikwazo vya namna hiyo hesabu kimoja kimoja. Alfa iache kwa sehemu kama "najiona ni wa chuo hiki", ambapo maswali yote yanazunguka jambo moja. Mweleze msimamizi wako hivyo, atakuelewa.

Chap Chap: Nimeweka kiungo kwenye kundi la WhatsApp la darasa, wamejibu 40 kati ya 210. Naandika "sampuli nasibu", sawa?

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 5.

Chap Chap: Mbona wengine wanaandika hivyo na wanapita?

Mwandishi: Kupita hakugeuzi hao 40 kuwa sampuli nasibu. Andika ulichofanya: waliojitolea, 40 kati ya 210, sawa na 19%.

Dada Mshauri: Nataka kugusa sonona, nitumie PHQ-9, lile dodoso la maswali 9 la kuipima?

Mwandishi: Dada, unaweza, ila swali la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Dodoso likiwa halina jina na mtu akaweka alama pale, utamfikiaje? Kama huna mpango wa kumsaidia papo hapo, tumia PHQ-2, yaani maswali mawili ya mwanzo. Na mawasiliano ya mshauri nasaha mpe kila mhojiwa, ili asijulikane nani anayahitaji.

Kibarua wa Takwimu: Nyongeza kidogo: umri, jinsia na kozi mimi naweka mwisho wa dodoso. Mwanzoni zinawatia watu hofu.

Mwandishi: Sahihi kabisa. Na kwenye ripoti, kundi lenye watu chini ya 5 liunganishe na jingine. Ukiandika "mwanamke, mwaka wa 4, mwenye ulemavu, kozi fulani", darasa zima litajua ni nani.