Ukitundika daluga ukiwa beki, ukocha uanzie hapa

Beki akistaafu, vijiweni watamwambia ukocha ni kazi ya viungo na washambuliaji, kwamba hao ndio wanaoujua mpira. Usiwasikilize, ndugu yangu. Nimecheza namba tano tangu ujana, nimekaba kwenye viwanja vya vumbi kuanzia Igoma hadi Pasiansi, na sasa nafundisha vijana hapahapa Mwanza. Namba tano anauona mchezo wote ukiwa mbele yake. Mshambuliaji, muda mwingi goli liko mgongoni kwake. Macho tayari unayo. Kilichobaki ni kuyatoa unayoyaona kichwani na kuyaweka mdomoni, mtoto wa miaka kumi na minne ayaelewe.

Kwanza kubali kuwa msaidizi. Najua inauma, hasa kama jina lako bado linatajwa kwenye uwanja wa Kirumba. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwenye hoki ya barafuni, kwa Larry Robinson wa Kanada. Alikuwa beki wa Montreal Canadiens, akatwaa nao Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi yao, mara sita, akastaafu 1992 akiwa Los Angeles Kings. Mtu mwenye sifa hizo angeweza kudai timu yake siku hiyohiyo. Yeye alikwenda New Jersey Devils kuwa msaidizi wa Jacques Lemaire, na wakachukua kombe 1995. Ndipo akapewa Kings kama kocha mkuu, akakaa nao hadi 1999. Walipomwondoa, alirudi Devils kuwa msaidizi tena. Machi 2000, msimu wa kawaida ukiwa umebakiza mechi nane, kocha mkuu akafukuzwa na Robinson akakabidhiwa timu. Kwenye nusu fainali walikuwa nyuma kwa mechi 3–1 mbele ya Philadelphia, wakageuza, kisha wakaifunga Dallas na kubeba kombe.

Ninachokisoma hapo ni kwamba usaidizi haukumshusha. Wachezaji walikuwa wanamjua tayari, naye alikuwa anamjua kila mmoja. Kwa hiyo tafuta timu ya vijana yenye kocha wake, mwombe akuachie mabeki wanne na kipa, basi. Ukimudu hao watano, mengine yatakufuata.

Sasa sauti. Hapa ndipo mabeki wastaafu wengi wanakwama, maana tulizoea kupiga kelele tu na wenzetu wakaelewa. Sikiliza mechi yoyote ya vijana pale Nyamagana: kila mtu anapaza sauti "angalia! angalia!" na hakuna anayejua aangalie nini. Chagua maneno machache na kila neno liwe na kazi moja. Mimi natumia matano. "Toka": mpira umeondolewa, mstari wote unapanda. "Shuka": mnarudi nyuma bila kuupa mpira mgongo. "Mtu": kuna adui anakujia usipomwona. "Muda": huna presha, tuliza. "Wangu": nauchukua mimi, nipishe. Beki anayesema "toka" baada ya mwenzake kusimama amechelewa, na hapo mtego wa kuotea unavunjika. Wafundishe kusema mpira ukiwa bado hewani.

Zoezi langu kubwa ni la kamba. Nenda soko la Mwaloni ununue kamba ya nailoni ya wavuvi, ile nyembamba isiyochubua ngozi. Wafunge mabeki wanne viunoni, kati ya mmoja na mwenzake ziwe mita nane hivi, na fundo liwe la kufunguka kwa kuvutwa mara moja, mtu akianguka asiumie. Usiweke wapinzani. Weka watu wanne mbele yao wapigiane pasi taratibu, kushoto kwenda kulia na kurudi, na mabeki wafuate mpira kwa kutembea. Beki wa kulia akitoka kumzuia winga, kamba inakaza na kumvuta sentahafu, naye anamvuta mwenzake. Ikikaza kwa kishindo, kuna aliyelala. Ikiburuza vumbi, wamebanana na upande wa pili uko wazi. Hakuna hotuba itakayomfundisha mtoto hilo kama kiuno chake mwenyewe. Baada ya robo saa fungua kamba, ingiza washambuliaji, wacheze. Utawaona bado wanasogea pamoja.

Kitu kingine nimekiazima hukohuko kwenye barafu. Beki hafungi sana, kwa hiyo wana hesabu yao: timu yako ikifunga ukiwa uwanjani unapata alama moja, ikifungwa ukiwa uwanjani unapoteza moja. Goli la timu inayocheza na watu wengi kwa sababu mpinzani ana adhabu halihesabiwi. Robinson alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na zaidi ya 700 juu ya sifuri, na hiyo ndiyo rekodi ya ligi yao. Kule inafaa kwa sababu wachezaji wanaingia na kutoka kila dakika moja au chini yake. Kwetu mabeki wote wanne hucheza pamoja mechi nzima, kwa hiyo wangetoka na namba moja na usingejua lolote. Itumie mazoezini tu: sita kwa sita, badilisha watu kila dakika nne, andika daftarini. Na daftari libaki kwako. Mtoto aliyepangwa na wenzake dhaifu atapata namba mbaya bila kosa lake, na sipendi kumwona mtoto akidhalilishwa kwa hesabu.

Daftari hilohilo liandikie magoli mliyofungwa. Rudi nyuma pasi tatu kabla ya shuti, chora kila beki alikuwa wapi. Mara nyingi tatizo liko huko.

Vyeti navyo usivipuuze. Ngazi za CAF, shirikisho la soka la Afrika, ni D, C, B, A, na juu kabisa Pro. Anza na ya chini hata kama umecheza ligi kubwa, na ulizia kozi kwenye chama cha soka cha mkoa mapema, ili ada isikukute mfuko umekauka.

Na ujilinde afya. Robinson alirudi kuwa kocha mkuu wa Devils 2005, na Desemba mwaka huohuo akajiuzulu kwa sababu ya msongo na afya yake. Baadaye aliendelea kufanya kazi kama msaidizi. Ukikosa usingizi siku tatu kwa sababu ya timu, mwambie mtu, na kikao cha Jumatatu mwachie mwenzako.

Kama huna timu ya kuanzia, subiri maandalizi ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, uende shule ya sekondari iliyo karibu nawe, uonane na mwalimu wa michezo. Usimwombe timu. Mwambie utakuja jioni mbili kwa wiki kuwanoa mabeki, na uende na kamba yako.