Tafuta fundi kwanza, gari baadaye: kuishi na SUV ndogo ya kifahari hapa Mwanza

Wakuu, tangu nianze kuonekana na hii ndinga yangu ya Kijerumani mitaa ya Kirumba haipiti wiki bila mtu kunivuta pembeni, eti kaka hizi gari mbona siku hizi bei yake inalingana na Harrier, nichukue? Jibu langu ni lilelile, chukua, ila kabla hujatuma hela Japan nenda kwanza ukamjue mtu atakayeitengeneza. Sio utani. Kwa Harrier au RAV4 unaweza kununua leo ukatafuta fundi mwaka kesho, kila kona ya Nyakato kuna kijana anaijua hadi kwa kufumba macho. Kwa BMW X1, Audi Q3, Mercedes GLA au Range Rover Evoque ukianza na gari ndio utafute fundi, utakuwa umempa gari yako mtu wa kujifunzia.

Utamjuaje fundi? Mimi nilitembea gereji kama sita hivi, nikawa nauliza swali moja tu la kijinga, nikibadilisha betri kwenye X1 nafanyaje. Watano wakaniambia unachomoa unaweka mpya, basi. Wa sita, mzee mmoja wa Kisukuma nilimkuta asubuhi akanisalimia mwangaluka akaendelea kunywa chai yake, akasema betri mpya lazima uisajili kwenye kompyuta ya gari, usipofanya hivyo gari inaendelea kuichaji kama ile kuukuu na utaiua kabla ya wakati wake. Nikamwambia mzee wangu, nitarudi nikiwa na gari. Huyo ana leptopu na waya wake, na cha muhimu zaidi akisoma kodi (zile namba za hitilafu zinazotolewa na kompyuta ya gari) hakimbilii kubadilisha spea, anakwambia subiri nipime kwanza. Fundi anayesoma kodi inayosema sensa ya oksijeni halafu hapohapo anakwambia nunua sensa, huyo anasoma tu, hajapima kitu.

Haya sasa gari. Cha kwanza angalia cc, yaani ukubwa wa injini, maana TRA (watu wa mapato) wanaangalia hiyo. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1000 na 2000, ikizidi hapo inaruka hadi 10, na gari ikivuka miaka 8 inaongezewa ule ushuru wa uchakavu ambao ndio unawaliza wengi. Uzuri wa hizi gari za Ulaya nyingi zinakaa chini ya mstari kwa nywele, X1 ya 2.0 tabo ni cc 1997, Q3 ni 1984, Evoque 1999, wakati Lexus NX300h yenye haibridi ni 2493 na inaingia kundi la juu. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kupenda picha, tena hesabu kwa thamani wanayoiweka wao, sio ile uliyonunulia wewe.

Kwa X1 na X3 za injini ya N20, hizi za kuanzia 2011 mpaka mwanzoni mwa 2015, uliza habari ya cheni ya taimingi, ile inayofanya vali na pistoni ziende pamoja. Miongozo yake ni ya plastiki, inalika na kuvunjika, na ikivunjika vibaya cheni inaruka na injini inakwenda nayo. Dalili yake ni mlio mwembamba kama wa king'ora cha mbali ukipandisha resi taratibu gari ikiwa imesimama, hivyo zima redio, fungua boneti, sikiliza. Kama gari ishafika nchini na dalali anakuwashia huku anapiga honi na kuongea sana, mwambie atulie kidogo. Audi za 2.0 TFSI za mwanzoni zinajulikana kwa kula oili, kwa hiyo chomoa kijiti (kama kipo, nyingine hazina, unaangalia kwenye skrini) na uulize wanaongeza lita ngapi kati ya sevisi na sevisi. NX haina drama hizi, ndio maana bei yake haishuki, na kama huna moyo wa presha chukua hiyo ulale.

Rimu nazo. Picha ya rimu 19 inavutia kweli ila wewe unaishi Mwanza, kuna kilima cha Isamilo, kuna Bugando, kuna zile njia za Bwiru ambazo jiwe limeanza kuishi pale kabla ya babu yako na halina mpango wa kuhama. X1 yenye tairi 225/50 ya rimu 17 ina ukuta wa mpira wa kama sentimita 11, huo ndio mto wako, ukipanda rimu kubwa mto unapungua na shimo moja la Buhongwa usiku linakupa rimu iliyopinda. Halafu BMW nyingi zinakuja na tairi za ranifleti na haziwekwi spea tairi. Watu wanasikia "tairi inatembea hata bila upepo" wanafurahi, hawasikii sehemu ya pili, kwamba ni kilomita 80 hivi kwa spidi isiyozidi 80. Kutoka hapa mpaka Shinyanga ni kama 160. Pancha ikikukuta katikati ya pori huko mbele ya Misungwi fanya hesabu mwenyewe. Mimi nilitoa ranifleti zote nikaweka tairi za kawaida, gari ikawa laini kama sio ile, nikanunua spea na jeki na kijipampu cha kuchomeka kwenye soketi ya gari, buti imepungua lakini roho imetulia.

Sasa nije kwenye kitu kinachoua hizi gari kuliko vyote, maji. Sio ya ziwani, ya rejeta. Injini hizi zimetengenezwa zifanye kazi kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100, kwa makusudi kabisa, ili zile mafuta kidogo. Sisi hapa tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, maji ya kawaida kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachozuia yasichemke ndani ya injini ni presha ya mfumo pamoja na kulanti, kile kimiminika cha rangi cha kupozea injini. Ukivujisha kidogo presha inashuka, ukiongeza maji ya bomba unapunguza kulanti na unaweka chokaa juu, basi ni suala la muda tu. Na nyumba ya thamostati ni plastiki, tanki la kulanti plastiki, mipira inaunganishwa kwa plastiki, na plastiki iliyopikwa miaka kumi inakatika kama biskuti. Wotapampu kwenye BMW za N20 ni ya umeme, haikupi dalili ya mkanda kulia wala nini, siku ikigoma imegoma.

Nakiri kosa langu. Mwaka wa kwanza taa ya kulanti iliwaka nikiwa narudi kutoka Magu, nikasimama Kisesa kijana wa gereji moja akanijazia maji ya ndoo, akaniambia bosi hii iko poa. Nikafurahi kwa sababu alichukua elfu mbili tu. Baada ya wiki mbili nipo foleni ya Mabatini mchana wa jua, taa nyekundu, mvuke, na boda wote wanapita wananiangalia kama msiba. Tanki lilikuwa na ufa tangu mwanzo, yale maji yalikuwa yananidanganya tu. Bahati nilizima haraka na hedi ya injini ikapona. Sasa nina kidude cha OBD cha bluetuthi, kinachomekwa kwenye soketi ya kusomea kompyuta ya gari, kinaonyesha joto kwenye simu, maana BMW nyingi hazina hata mshale wa joto kwenye dashibodi, taa ikiwaka ujue umeshachelewa. Kwa hiyo ukishanunua tu, kabla ya kuweka mapambo ya kifahari na stika, badilisha tanki, thamostati na mipira kwa mkupuo, uweke kulanti inayotakiwa na gari yako uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled). Na usichanganye rangi kwa kubahatisha. Ukizima gari ukasikia feni inaendelea kuunguruma usishtuke wala usichomoe betri, inapoza injini.

Oili, sitaongea sana. Ule ujumbe wa dashibodi unaosema sevisi bado kilomita 20,000 umewekwa kwa ajili ya barabara za Ujerumani, sio kwa foleni ya Buzuruga na vumbi la Kiseke. Mimi namwaga kila 7,000, oili yenye idhini ya mtengenezaji imeandikwa kwenye kopo, kwa BMW ya petroli tafuta maandishi LL-01, sio kopo limeandikwa tu 5W-30 na picha ya gari ya mbio. Gia boksi wanasema oili ni ya maisha yote. Maisha ya nani? ZF wenyewe wanaotengeneza ile ya gia 8 wanashauri kubadilisha kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na filta iko ndani ya sampu yake (bakuli la oili la chini) ya plastiki kwa hiyo unanunua vyote pamoja. Ile sistimu ya kujizima ukisimama kwenye foleni, zima, kuna kitufe chenye herufi A na mshale, inachosha betri bure.

Spea: Mwanza utapata filta, pedi za breki, plagi. Zaidi ya hapo unaagiza Dar au Nairobi kupitia mpaka wa Sirari. Kamwe usiagize kwa kusema "naomba koili ya X1 ya 2012", tuma namba ya chesisi, kwa BMW herufi na tarakimu 7 za mwisho zinatosha, muuzaji anaona gari yako ilitoka kiwandani na nini. Nilishawahi kutumiwa bushi ya gari ya mwaka uleule ila isiyo ya magurudumu manne, mzigo ukapanda basi mpaka Nyegezi, nikaurudisha kwa nauli yangu. Tangu siku hiyo muuzaji ananitumia kwanza picha ya namba iliyochapwa kwenye spea yenyewe, tunalinganisha, ndio natuma hela. Na kila mwisho wa mwezi naweka laki mbili pembeni, ziharibike zisiharibike, mama watoto anaijua hiyo hela kama mtoto wa nne.

Kuna mambo ya hapahapa ziwani ambayo video za kwenye intaneti hawakwambii. Vile vidudu vinavyotoka ziwani kama wingu la moshi, usiku ukipita nao ufukweni kuelekea Ilemela vinajaa kwenye rejeta na kondensa ya AC, vikikauka vinakuwa kama plasta, hewa haipiti, halafu unalaumu gesi ya AC imeisha. Osha kwa maji ya presha ndogo, ukitokea upande wa injini kwenda nje. Presha kubwa inalaza zile bati nyembamba ukawa umeharibu. Na usioshee gari ziwani jamani, sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, mbali na kwamba oili yako inaishia kwa sato wa mtu. Afadhali yetu kuliko wenzetu wa Dar, maji yetu ni baridi, hakuna upepo wa chumvi wa kula bodi.

Sanirufu. Kama gari yako ina kile kioo kikubwa cha juu, pembeni kuna vimifereji vinavyoshusha maji ya mvua kupitia mipira midogo hadi chini. Ukipaki chini ya mwembe vinaziba na majani, mvua za Novemba zikianza maji yanaingia kimyakimya chini ya kapeti ambako ndiko nyaya na visanduku vya kompyuta vilipolala. Siku moja gari inawasha taa zote kama disko. Mimina maji kidogo na kikombe kila kona kabla ya msimu, chungulia chini kama yanatoka. Yasipotoka usipulize na kompresa kubwa, utachomoa mpira, pitisha uzi laini wa nailoni polepole.

Redio zilizotoka Japan zinaanzia 76 na za zamani zinaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa huzipati, fundi anaweza kuifungua kwa kompyuta au unaweka kibadilishi, na ramani inayokuonyesha Osaka uizoee tu.

Mafuta, EWURA (wadhibiti wa nishati) wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na Mwanza tunalipa zaidi ya Dar kwa sababu ya usafiri, jaza tanki Jumanne ukisikia tetesi za kupanda. Bima kata kubwa (komprehensivu), taa moja ya mbele ya hizi gari ukigongwa na bajaji inaweza kuzidi ada ya mwaka mzima ya bima. Saitimira zichorwe namba ya gari, wezi wasizitamani.

Safari za Geita na Sengerema sasa raha, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko huku umewasha AC saa nzima na injini inachemka bure. Ukienda upande wa Lamadi na Bunda angalia matuta na rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) za vijijini, na tochi za trafiki za kupima spidi, maana ndani ya gari kumetulia sana na spidi 90 unaihisi kama 50.

La mwisho ni dagaa. Ukitoka soko la Mwaloni mama mkwe atakwambia weka tu nyuma mwanangu, zimekauka. Usithubutu, hata kwenye mfuko mara tatu. Nilibeba debe moja la kupeleka Dodoma, AC ikavuta ile harufu mpaka kwenye filta yake, nikabadilisha filta, nikaosha kapeti mara mbili na magadi, bado kila asubuhi nikiwasha gari inanisalimia. Siku hizi mzigo wa mama unapanda basi, mimi naufuata kule na buti tupu.