Mageuko ya viumbe kwenye bawa la kuku na kongoro la mbuzi

Nafundisha baiolojia sekondari, na mada hii haikuwaingia wanafunzi wangu mpaka nilipofunga kitabu nikaenda buchani. Unahitaji bawa zima la kuku (wauzaji wengi hukata ncha, wawahi), mguu wa mbele wa mbuzi pamoja na kongoro lake, na mkono wako mwenyewe.

Hatua ya 1. Chemsha kila kimoja kwenye sufuria yake, moto mdogo, mpaka nyama iachie. Presha kuka usiiguse, italainisha vifupa vya ncha. Osha kwa sabuni, kisha anika mahali mbwa hafiki. Wa jirani yangu alishanirudisha buchani mara moja.

Hatua ya 2. Panga mifupa kutoka begani kwenda chini. Umbo lisikupoteze, wewe hesabu: mmoja, miwili, vifupa vya kifundo, halafu vidole. Papasa mkono wako, mpangilio ni uleule. Pembeni mwa kifundo cha bawa kuna kidole kifupi kama gumba. Darasa hupiga kelele hapo.

Hatua ya 3. Mbuzi ndiye mtihani. Ile miwili imeungana. Chini ya kifundo upo mfupa mmoja mrefu wenye vichwa viwili mwishoni, maana ni mifupa miwili ya kiganja iliyoshikana. Tunachokiita goti la mbele ni kifundo cha mkono, na mnyama anatembea kwa ncha za kidole cha tatu na cha nne! Mla makongoro atabisha, mpe ashike. Mpangilio ni wa babu mmoja, wajukuu wakaupeleka kwenye kuruka, kukimbia na kushika: mageuko ya kutengana.

Hatua ya 4. Weka bawa la kumbikumbi kando ya la kuku. Yote mawili ya kurukia, ila la kumbikumbi halina mfupa hata mmoja. Kazi imefanana, asili haikufanana: mageuko ya kukutana. Wengi hupoteza alama hapa kwa kulinganisha kazi.

Hatua ya 5. Mwisho, masalia ya mageuko, yaani kiungo ambacho mwili hauhitaji tena sana: hapa ni kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) ya msuli uitwao palmaris longus. Gusanisha kidole gumba na cha mwisho, kunja kifundo kidogo. Kano ikichomoza katikati ya kifundo, unayo. Wengine hawana kabisa, au wanayo mkono mmoja tu. Madaktari wa upasuaji huitoa wakaungia kano nyingine iliyokatika, na mwenyewe anaendelea kubeba ndoo kama kawaida.