Baiskeli ya Kazini Msimu wa Mvua: Anza na Gurudumu la Mbele

Anayekwenda kazini kwa baiskeli kila siku kutoka Bugembe hadi mjini Jinja, Uganda, anaijua vizuri mvua ya Aprili. Katikati ya barabara kuna lami, lakini pembeni, ambako malori hutusukumia, kuna udongo mwekundu, na trekta za miwa zikitoka mashambani huongeza matope yake juu ya hayo. Unafika kazini ukiwa na mstari mwekundu mgongoni na suruali iliyolowa hadi magotini. Wengi wetu huhangaikia nguo, ilhali nguo hufuliwa jioni zikatakata. Mnyororo ulioingiwa na mchanga hauna dawa ya namna hiyo.

Tope la mgongoni hutoka kwenye gurudumu la nyuma, lakini maji yanayoiharibu baiskeli yenyewe hutoka kwenye gurudumu la mbele. Tairi huyachota pamoja na mchanga na kuyarusha nyuma, yakaipiga miguu, pedeli na mnyororo. Mchanga ukichanganyika na mafuta huwa msasa: husaga pini za mnyororo, mnyororo hurefuka, kisha huanza kula meno ya friwili, yaani gia ya nyuma, na ya gia ya mbele, na badala ya kununua kitu kimoja unajikuta unanunua vitatu.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni madigadi, na hapa naona mafundi wengi hukosea. Udongo wa mfinyanzi ukinasa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka, wao huing'oa kabisa. Usikubali. Mwombe fundi aiinue kidogo, ibaki nafasi ya sentimita 2 hivi juu ya tairi, upana wa kidole gumba, na nafasi hiyo iwe sawa mzunguko mzima, hasa pale madigadi inapopita kwenye uma unaoshika gurudumu, maana ndipo tope hukwama kwanza.

Madigadi nyingi za mbele huishia juu mno, hivyo ziongezee ulimi wa mpira. Kipande cha jerikani hufaa kwa siku chache, lakini ni kigumu na hupasuka kikigonga jiwe. Mpira wa ndani wa tairi la lori uliochakaa ni bora zaidi kwa sababu hujikunja na kurudi. Kata kipande chenye umbo la jembe, chembamba juu na kipana kama kiganja chini, toboa matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto, kisha kifunge kwa bolti ndogo zenye washa, ncha yake ikining'inia kama sentimita 10 kutoka ardhini. Kazi hii haichukui nusu saa, na siku ya kwanza tu utaona viatu vyako vimebaki na rangi yake. Ulimi wa nyuma nao ufunge, kwa heshima ya anayekufuata.

Jioni, ioshe baiskeli kabla tope halijakauka, kwa kuwa udongo wetu ukikauka hushika kama tofali, na ukiukwangua mkavu unakwangua na rangi. Lita 5 za maji, sabuni kidogo na kitambaa zinatosha. Mwaga maji kutoka juu kwenda chini, acha tope lilainike, ndipo upanguse. Usiipeleke mahali pa kuoshea magari ikapigwa maji ya presha: maji hayo hupenya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kwenye ekseli ya pedeli, husukuma grisi nje, na gololi huanza kupata kutu ndani bila wewe kuona.

Pangusa pia rimu na mipira ya breki kila unapoosha. Mchanga ulionasa kwenye mipira hiyo hukwaruza rimu kila unapofunga breki, na sauti ya kukwaruza ndiyo dalili yake. Ichunguze mipira na utoe chembe za mchanga kwa ncha ya msumari.

Mnyororo uache mwisho. Ukaushe kwa kitambaa, na ukiwa mchafu sana usugue kwa mswaki wa zamani uliochovywa katika mafuta ya taa, uache ukauke, kisha tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo huku ukizungusha pedeli kinyumenyume. Mafuta machafu ya injini, ambayo wengi hupewa bure gereji, ni mazito na tayari yana uchafu wake, kwa hiyo yaache. Mafuta ya cherehani yanafaa kiangazi, ila mvua huyaosha upesi, hivyo msimu wa mvua uyatie kila baada ya kulowa. Subiri dakika chache yapenye ndani, halafu upanguse mnyororo kwa nje hadi ukiugusa usiache weusi kidoleni: mafuta yanayohitajika ni yale yaliyo ndani ya viungo, na yanayobaki nje huita vumbi la kesho.